Afisa mikopo wa Tabora na maombi ya MBA: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinamhusu mwanamke mwenye umri wa miaka 31, afisa mikopo ya kilimo katika tawi la benki moja mjini Tabora, aliyeomba kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo wengi wetu tunaiita MBA, katika shule mbili: moja ipo Uingereza na nyingine ipo Afrika Kusini. Mimi nilimshauri katika maombi hayo, naye ameniruhusu kukiandika kisa hiki kwa sharti kwamba jina lake, jina la benki na majina ya shule hizo yasitajwe, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kila karatasi iliyotakiwa na bado ilikuwa dhaifu. Rasimu ya mwisho, iliyoandikwa na mtu yuleyule mwenye vyeti vilevile na kazi ileile, ilisimama imara. Kilichobadilika katikati kinastahili kuchunguzwa, hasa na vijana wa mikoa ya mbali na pwani ambao hudhani kwamba shule hizi zinatafuta watu waliofanya kazi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam au Nairobi.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea. Maombi haya yalipata nguvu pale mwombaji alipoacha kujitaja kwa sifa na kuanza kuonyesha uamuzi mmoja aliowahi kuufanya, kwa namna ambayo mgeni asiyemjua angeweza kuukagua kupitia insha, wasifu, barua za wadhamini na hatimaye usaili. Mambo mengine yote, pamoja na alama za mtihani, yalisaidia tu.

Vyeti, majina na mtihani

Mwombaji alikuwa na shahada ya kwanza ya uhasibu kutoka chuo kikuu cha hapa nchini, yenye GPA ya 3.6. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu vinavyopima hadi 5.0, hilo ni daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5 na kuishia 4.3. Katika wasifu wake aliandika "GPA 3.6" bila kutaja kipimo, na rafiki mmoja alimshauri aache hivyohivyo, kwa kuwa Wamarekani na wengine waliozoea kipimo cha 4.0 wangeiona kubwa kuliko ilivyo. Ushauri huo ulikuwa mbaya kwa sababu mbili. Kwanza ni kuficha jambo, na pili nakala ya matokeo hubeba kipimo chake chini ya ukurasa, hivyo msomaji wa maombi angegundua tofauti hiyo na kuanza kutilia shaka kila namba iliyofuata. Vivyo hivyo si kazi ya mwombaji kuigeuza 3.6 ya tano kuwa kitu fulani cha nne kwa kikokotoo chake mwenyewe. Aliandika 3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu, akawaachia wao ulinganisho.

Nakala ile ilionyesha pia sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, za mwaka wa kwanza, moja ikiwa ya hisabati za biashara. Katika nafasi ya maelezo ya ziada aliandika sentensi tatu tu: kwamba masomo hayo aliyarudia na kuyafaulu, kwamba matokeo ya miaka miwili iliyofuata yanaonyesha mwelekeo tofauti, na kwamba baadaye alifaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hadi kupata CPA, cheti cha uhasibu wa kitaalamu. Rasimu ya awali ilikuwa na ukurasa mzima juu ya ugumu wa maisha ya hosteli na msiba wa babu. Mambo hayo yalikuwa ya kweli na yenye uchungu, lakini yaliufanya udhaifu mdogo uonekane kuwa ndiyo habari kuu.

Suala la majina lilimchukulia muda mrefu kuliko alivyotegemea, na wengi watajitambua hapa. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na majina mawili, kitambulisho cha taifa kilikuwa na matatu, na cheti cha shahada kilikuwa na matatu kwa mpangilio mwingine. Mtihani wa kimataifa wa kujiunga na MBA hudai jina la usajili lifanane na la kitambulisho kitakachoonyeshwa siku ya mtihani, na pasipoti ndiyo isiyoleta maswali. Alianza na pasipoti, akaapa kiapo cha majina mbele ya wakili kwa ajili ya vyeti vilivyotofautiana, kisha ndipo akajisajili mtihani. Anayeanza na mtihani huweza kulipa ada mara mbili.

Kuhusu mtihani wenyewe sitakaa sana. Kati ya mitihani miwili ya kimataifa ambayo shule hizi hupokea, alichagua GMAT badala ya GRE. Toleo linalotumika sasa lilianza Novemba 2023 na lile la zamani likaondolewa mapema mwaka uliofuata: lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, yaani hesabu, ufahamu wa lugha na uchambuzi wa takwimu, maswali 64 kwa jumla, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Vitabu vingi vinavyopokezanwa kwenye simu bado ni vya toleo la zamani, lenye insha, sarufi na jiometri, kwa hiyo mtu huweza kutumia mwezi mzima kusoma kisichoulizwa. Zaidi ya hapo, kipimo kimebadilika: 645 ya sasa inakaa karibu na 700 ya zamani, na anayeshikilia 700 kama lengo kwa kufuata simulizi za waliosoma kabla yake anajitwisha mzigo usio wake. Mwombaji wetu alipata 575, akarudia na kupata 615. Aliufanyia Dodoma nyumbani kwa mama yake mdogo, kwa kuwa mtihani wa nyumbani hutaka chumba kisicho na mtu mwingine na intaneti isiyokatika, na umeme wa mtaa anaoishi Tabora haukuwa wa kutegemewa kipindi kile. Alitaka kurudia mara ya tatu. Nilimshauri asirudie, kwa kuwa saa alizobaki nazo baada ya kazi zilihitajika kwenye insha, ambazo wakati huo zilikuwa katika hali mbaya.

Insha ya kwanza

Insha ile ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni alikuwa na ndoto ya kuwa kiongozi wa biashara. Iliendelea kueleza kwamba yeye ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye kupenda kushirikiana na wenzake, na ikamalizia kwa ahadi ya kuleta mabadiliko chanya katika bara la Afrika. Hakukuwa na kosa la sarufi hata moja. Lakini ungeweza kufuta jina lake, ukaandika la mtu mwingine yeyote anayefanya kazi benki kutoka Lindi hadi Lagos, na hakuna sentensi ambayo ingekuwa ya uongo. Katikati kulikuwa na mstari mmoja tu uliogusa kazi yake: kwamba "tumefanikiwa kuboresha urejeshaji wa mikopo ya wakulima".

Nilimuuliza maswali matatu juu ya mstari huo. Nani aliboresha? Kwa kufanya nini hasa? Na nani alipinga? Majibu yake yalichukua alasiri nzima, na alipomaliza kusema, maombi yake yalikuwa yamepatikana.

Inabidi nieleze mazingira ya kazi hiyo, kama yeye alivyolazimika kuwaeleza wasomaji wa mbali. Katika wilaya za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkulima wa tumbaku kwa kawaida hakopi benki peke yake. Hukopa kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ambacho wanachama wake hudhaminiana. Chama hukadiria uzalishaji wa msimu, hayo ndiyo makisio. Mrajis wa Vyama vya Ushirika huidhinisha ukomo wa madeni, yaani kiwango ambacho chama hakiruhusiwi kukivuka katika kukopa. Benki hutoa mkopo wa pembejeo. Na tumbaku inapouzwa kwa kampuni yenye mkataba, deni hukatwa kwanza kabla mkulima hajashika fedha yake. Kwa miaka mingi bei imekuwa ikipangwa kwa dola ya Marekani, hivyo chama hubeba pia hatari ya thamani ya fedha. Utaratibu huu hufanya kazi vizuri makisio yakiwa ya kweli. Yakikuzwa, mbolea inayokopwa huzidi tumbaku itakayovunwa, nyingine huuzwa kwa walanguzi, na deni la wachache huwaangukia wanachama wote, pamoja na yule mjane aliyepeleka kila robota lake sokoni.

Mwombaji alikuwa ameona jambo hilo likijirudia katika vyama alivyovisimamia. Msimu mmoja mvua zilichelewa, naye akapendekeza kwamba mbolea ifikishwe kwenye maghala ya vyama mapema kama kawaida, lakini isitolewe yote kwa mkulima hadi miche iliyoota vitaluni na eka zilizoandaliwa zihesabiwe na kulinganishwa na makisio yake. Mkaguzi wa ndani wa kanda alipinga. Hoja yake ilikuwa nzito: barabara za vijiji vya Kaliua hazipitiki kirahisi mvua zikianza, na uhesabuji ukichelewa, mkulima mwaminifu ataadhibiwa kwa kosa la jirani yake. Meneja wa tawi alikuwa katikati. Walikubaliana ajaribu katika vyama vitatu tu.

Katika vyama viwili mpango ulifanikiwa: mbolea iliyozidi ilibaki ghalani, ikarudishwa, na vyama vikafunga msimu bila deni lililokwama. Katika chama cha tatu mambo yalikwenda kama mkaguzi alivyoonya. Wahesabuji walikuwa wawili kwa vijiji vinne, mvua ikanyesha kabla hawajamaliza, na wapo wakulima waliopanda wakakaa siku nyingi bila mbolea ya kupandia. Mwenyekiti wa chama alimwita mwombaji kwenye mkutano wa wanachama, naye akaenda, akasimama mbele yao akaeleza. Aliporudi ofisini aliandika kwamba uhesabuji lazima ufanywe na wakulima wenyewe kwa vikundi vyao vya kudhaminiana, kwa kuwa wao ndio wanaojua shamba la nani ni la nani na ndio watakaolipa makisio yakiwa ya uongo. Msimu uliofuata ulifanywa hivyo.

Hayo yote hayakuwamo katika rasimu ya kwanza. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba mambo ya mbolea na vitalu aliona ni ya kishamba mno kwa shule kubwa, na kwamba chama cha tatu kilikuwa aibu isiyofaa kuandikwa. Naamini hapa ndipo waombaji wengi wa mikoa yetu hupoteza nafasi. Kamati ya udahili inasoma mamia ya maombi ya washauri wa kampuni kubwa na wachambuzi wa masoko ya hisa. Mtu aliyelazimika kuamua nani apate mbolea, kwa taarifa pungufu, mvua ikiwa njiani na wakubwa wake hawajaafikiana, ana jambo la kuchangia darasani ambalo wengine hawana. Tangu zamani shule hizi, Harvard ikiwa mfano maarufu, hufundisha kwa kujadili visa vya namna hiyohiyo: hali halisi, taarifa chache, uamuzi, matokeo. Mwombaji alikuwa na kisa kamili mkononi na alikuwa amekificha nyuma ya neno "kuboresha".

Kuhusu chama cha tatu, nilisisitiza kiingie. Insha yenye mafanikio matupu huwa haina jibu kwa swali ambalo kila msomaji makini hujiuliza, yaani mtu huyu hufanya nini mambo yakimharibikia. Sehemu ya chama cha tatu ilichukua theluthi ya insha na ikawa ndiyo yenye uhai.

Lilibaki suala la nafsi. Ofisi zetu zina mazoea ya kuandika kwamba "iliamuliwa" na "tulitekeleza", na mazoea hayo yana heshima ndani yake, kwa kuwa mtu hajipi sifa ya kazi ya wengi. Mwombaji aliona vibaya kuandika kwamba yeye ndiye aliyependekeza, akihofia wenzake wangemwona mwenye majivuno. Tulipata njia ambayo naiona ya haki: kila hatua aliandika mwenye nayo. Pendekezo lilikuwa lake. Idhini ilikuwa ya meneja. Onyo lilikuwa la mkaguzi na lilithibitika kuwa sahihi. Wazo la vikundi alilipata kwa mwenyekiti wa chama kule mkutanoni, na akaandika hivyo. Kila mtu alipopewa chake, fungu lake mwenyewe lilionekana wazi bila kujisifu, na aliyewahi kuongoza watu angemwamini kwa sababu hiyo hasa.

Barua za wadhamini

Nitakaa hapa kidogo, maana barua huharibu maombi mengi ya Tanzania na waombaji hawajui, kwa kuwa hawazioni.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuomba barua kwa mjomba wake aliyewahi kushika wadhifa mkubwa serikalini. Mjomba alikuwa tayari, na barua yake ingekuwa na mhuri mzuri. Lakini hakuwahi kufanya kazi naye hata siku moja. Barua ya namna hiyo inathibitisha kwamba mwombaji anatoka kwenye familia inayojulikana, jambo ambalo shule haikuuliza. Fomu za wadhamini huuliza mambo mahususi: umemsimamia kwa muda gani, unamlinganishaje na wengine wa nafasi yake, ni maoni gani mazito uliyowahi kumpa na aliyapokeaje. Mjomba asingeweza kujibu hata moja bila kutunga.

Mdhamini wa kwanza akawa meneja wa tawi. Alipoendewa alijibu kama mameneja wengi wanavyojibu: "Andika mwenyewe mwanangu, uniletee nisaini." Alisema kwa wema kabisa, na kumkatalia mkubwa anayekutakia heri si jambo jepesi. Hata hivyo barua iliyoandikwa na mwombaji ni udanganyifu kwa maana ya kanuni za shule hizi, hata kama imesainiwa, na mara nyingi hujitambulisha yenyewe, kwa kuwa mtindo wake hufanana na wa insha. Mwombaji alimjibu hivi: "Nashukuru sana, meneja. Tatizo ni kwamba fomu watakutumia wewe moja kwa moja kwenye barua pepe yako, na wanataka maneno yako. Naomba nikuletee kumbukumbu za kazi tulizofanya, ili usipate taabu ya kuzitafuta." Akamletea ukurasa mmoja wenye tarehe, majina ya vyama, kiasi cha mikopo na yale ambayo meneja mwenyewe aliyasema katika vikao. Ukurasa huo haukuwa na sifa hata moja. Meneja aliandika barua yake mwenyewe kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, na ndani yake akaeleza jambo ambalo mwombaji hakuwa amelijua: kwamba baada ya mkutano wa chama cha tatu, mwenyekiti alimpigia simu kuomba afisa huyo asihamishwe.

Mdhamini wa pili alikuwa yule mkaguzi wa kanda aliyepinga. Uchaguzi huu ulimshangaza kila aliyeusikia, na mimi ndiye niliyeutetea. Mtu aliyekupinga kwa hoja, akaona ulivyopokea kupingwa, ana ushahidi ambao rafiki hana. Sharti ni kwamba awe mwadilifu na ugomvi uwe ulikuwa wa kazi tu. Mwombaji alimfuata, akamweleza kwamba onyo lake limeandikwa katika insha, akampa aisome. Mkaguzi alikubali. Katika barua yake, ambayo mwombaji hajaiona, nina hakika hakusema kwamba mwombaji alikuwa sahihi siku zote. Na ndivyo ilivyopasa.

Hapo ndipo vipande vilipoanza kushikana. Insha ilieleza uamuzi, meneja alieleza matokeo yake kutoka juu, mkaguzi aliueleza kutoka upande wa pili, na wasifu ulitoa kiasi cha mikopo na idadi ya vyama. Msomaji aliye Uingereza, asiyewahi kuona jani la tumbaku, aliweza kulisoma tukio moja kutoka pande nne na kuona kwamba halipingani.

Kwa nini MBA, na kwa nini si hapa

Lengo lake la awali lilikuwa kuwa mshauri wa biashara wa kimataifa. Sikuamini, na yeye mwenyewe hakuamini sana. Nilimwomba aeleze ni jambo gani katika kazi yake linamkera asilale. Alijibu kwamba benki hukopesha tumbaku kwa urahisi kwa sababu kuna mnunuzi mmoja mwenye mkataba na deni hukatwa kwenye malipo, ilhali mfuga nyuki wa Sikonge au mkulima wa alizeti, ambaye zao lake haliharibu afya ya mtu wala halihitaji kuni za kukaushia majani kwenye bani, hukosa mkopo kwa kuwa hakuna wa kukata deni kwa niaba ya benki. Lengo likawa hilo: kubuni namna ya kukopesha mazao yasiyo na mnunuzi wa mkataba, kwa kutumia mfumo wa stakabadhi ghalani uliowekewa sheria mwaka 2005, ambapo mazao yaliyohifadhiwa kwenye ghala lililosajiliwa huweza kuwa dhamana.

Lengo hili lilimsaidia pia kukabili swali ambalo lazima lingeulizwa, na ni haki liulizwe: kwa nini umetumia miaka yako kufadhili tumbaku, wakati nchi yako iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007 na misitu ya miombo ya Tabora inazidi kupungua? Hakulikwepa. Aliandika kwamba kaya alizozihudumia husomesha watoto kwa zao hilo, kwamba kuliacha ghafla bila mkopo wa zao mbadala ni kuziacha kaya hizo mikono mitupu, na kwamba ndiyo maana anataka kujenga hicho mbadala.

Swali gumu zaidi lilikuwa la pili. Chuo Kikuu Huria kinatoa MBA kwa mtu aliye kazini; Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinatoa; ESAMI, taasisi ya usimamizi ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ipo Arusha. Kwa nini aende mbali? Waombaji wengi hujibu kwa kutaja ubora na umaarufu, na jibu hilo huwadharau walimu wetu bila kusema lolote juu ya mwombaji. Yeye alitafuta katika mitaala ya shule zote mbili masomo ya fedha za kilimo na biashara za masoko yanayochipukia, akawaandikia wahitimu wawili waliotokea Afrika Mashariki, na akagundua kwamba anachohitaji ni kukaa na watu waliokwisha kujenga mifumo ya dhamana ya mazao katika nchi nyingine. Aliliandika hilo. Pia aliandika, kwa ushauri wangu, kwamba asipopata nafasi wala ufadhili atasoma nyumbani huku akiendelea na kazi. Wapo watakaoona sentensi hiyo inapunguza uzito wa maombi. Mimi naona iliuonyesha uzito wa nia yake.

Fedha

MBA ya mwaka mmoja katika shule kubwa za Uingereza ni ghali mno kwa mshahara wa afisa mikopo. Ada ya Oxford peke yake inazidi pauni 70,000, bila chakula wala pango. Kwa hiyo kutafuta ufadhili ni sehemu ya maombi tangu siku ya kwanza, na kalenda zake hukimbia pamoja. Mwombaji aliomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao hudai uzoefu wa kazi wa saa zisizopungua 2,800 na kumtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili au zaidi baada ya masomo. Masharti hayo yaliendana na lengo lake bila kulazimisha. Alitaka pia kuomba ufadhili mwingine unaolenga waanzilishi wa biashara za kijamii, na hapo nilimzuia: hakuwa ameanzisha biashara yoyote, na kujivika sura hiyo kungeiharibu habari yote aliyoijenga kwa uangalifu. Shule nyingi hupokea maombi kwa awamu, ya kwanza ikiwa karibu na Septemba na ya pili karibu na Januari. Kwa Mtanzania anayehitaji ufadhili na visa, kusubiri awamu za mwisho ni kujinyima muda. Yeye aliwahi awamu ya pili.

Usaili na matokeo

Shule zote mbili zilimwita kwenye usaili kwa njia ya video. Ule wa Afrika Kusini ulichukua sehemu kubwa ya muda juu ya chama cha tatu, na kwa kuwa tukio lilikuwa lake, hakuhitaji kukariri chochote. Msaili wa Uingereza alimuuliza jambo ambalo maombi hayakuwa na jibu lake: ni wafuga nyuki wangapi aliokwisha kuzungumza nao kuhusu mpango wa stakabadhi, na asali yenye ubora usiofanana inawezaje kuwekwa ghalani kama dhamana moja? Alijibu kwamba amezungumza na wachache tu, ambao ni wateja wa akiba wa tawi, na kwamba suala la upangaji wa madaraja ya asali bado hajalifanyia kazi. Lilikuwa jibu la kweli, na lilifichua udhaifu halisi wa maombi yale ambao mimi na yeye hatukuuona: uamuzi wa nyuma ulikuwa na ushahidi tele, lakini lengo la mbele lilisimama kwenye hoja peke yake.

Shule ya Afrika Kusini ilimpa nafasi pamoja na punguzo la sehemu ya ada. Ile ya Uingereza ilimweka kwenye orodha ya kusubiri, na Chevening hakupata. Wakati akisubiri, alianza kwenda Sikonge siku za Jumamosi kukutana na vikundi vya wafuga nyuki, akiuliza wanavyotenganisha asali ya mizinga ya magogo na ile ya mizinga ya kisasa, nani hupima kiasi cha maji kilichomo, na nani huikataa. Aliituma taarifa fupi ya ziara hizo kwa shule ya Uingereza, kama orodha ya kusubiri inavyoruhusu, na nakala akaipeleka kwa meneja wake. Uingereza haikubadili msimamo. Meneja aliisoma, akamwombea makao makuu likizo bila malipo badala ya kumtaka aache kazi, na mwombaji akathibitisha nafasi yake ya Afrika Kusini, akaanza kushughulikia visa ya masomo.